Sura ya Nne: Ng'ombe Mmoja, Mashamba Mawili

Mgeni akifika bandani huuliza lita. Anatoa ngapi asubuhi, ngapi jioni? Mwenye ng'ombe naye hujibu, akiongeza kidogo kwa ajili ya heshima ya mnyama. Hakuna ubaya. Lakini kwa anayetaka kuendesha shamba la mchanganyiko la maziwa bila mbolea ya dukani wala dawa za viwandani, lita ndiyo hesabu ya mwisho kabisa. Ya kwanza ni hii: majani anayokula ng'ombe huyu yametoka kwenye ardhi gani, na samadi yake inakwenda ardhi gani?

Sura hii naiweka kwenye miteremko ya Kilimanjaro kwa sababu huko swali hilo limekuwa likijibiwa kwa jembe na panga tangu zamani, kabla mtu yeyote hajaanza kutoa vyeti vya kilimohai. Kihamba cha Mchaga kina ghorofa zake. Juu kabisa kuna miringaringa, miruka na migrevilea. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, maharage na majani ya ng'ombe. Mpakani yamepandwa masale. Maji huletwa na mifongo iliyochimbwa kwa mikono kutoka mitoni juu huko. Katikati ya yote lipo banda, na ndani yake ng'ombe mmoja, wawili wakizidi, pamoja na mbuzi na kuku wachache. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu, kupitia kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima.

Sifa hizo ni za haki. Ila picha zinazosambazwa huishia kwenye migomba. Hazionyeshi shamba la pili, lile la tambarare, ambako familia hiyohiyo hulima mahindi na maharage kwenye joto na vumbi. Anayekiangalia kihamba peke yake huona mfumo unaojitegemea, ng'ombe akilisha mgomba na mgomba ukimlisha ng'ombe, milele. Mimi siuoni hivyo. Kihamba ni cha kijani kwa sababu kuna mahali pengine panapofifia, na meneja wa shamba la namna hii asipolijua hilo atakuwa mzuri wa hotuba na mbovu wa hesabu.

Tuanze na tumbo. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400, chotara wa kawaida wa mlimani, anahitaji karibu kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Majani mabichi ya tembo, ambayo wengi wanayaita mabingobingo, kwa sehemu kubwa ni maji. Kikavu ndani yake ni kama sehemu moja kati ya tano, au pungufu. Kwa hiyo kilo 12 hizo hufika bandani zikiwa mzigo wa kilo 60 au zaidi, kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwamo. Kwa mwaka ni zaidi ya tani 20. Mzigo huo haujiendeshi. Unakatwa kwa panga, unafungwa kwa kamba ya mgomba, unabebwa kichwani, na mara nyingi kichwa hicho ni cha mwanamke.

Ekari moja ya mabingobingo iliyoshiba samadi na kupata mvua inaweza kukaribia kumlisha ng'ombe huyo. Sasa kihamba chenyewe mara nyingi ni ekari moja au mbili, na kila kinapogawiwa watoto wa kiume hupungua. Humo tayari kuna kahawa, migomba, nyumba na makaburi ya wazee. Mabingobingo hupata kingo za matuta tu, ukingo wa mfongo na kona ya jirani aliyehamia Dar es Salaam. Yanayopungua hutoka kwingine: majani ya kando ya barabara, migomba iliyovunwa, na mabua ya mahindi kutoka tambarare.

Mgomba unastahili neno moja. Shina lake likikatwakatwa ng'ombe hulifurahia, na wakati wa kiangazi ndilo hujaza hori. Lakini zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za shina hilo ni maji. Ng'ombe atakunywa kupitia mgomba, tumbo litajaa, na maziwa yatashuka wiki hiyohiyo. Mfugaji humlaumu ng'ombe, au mbegu, au jicho la jirani. Shida ni kwamba alimpa kinywaji akidhani ni chakula.

Kuna kijana aliyerudi mlimani na akiba ya mjini, akamwendea shangazi yake aliyebaki kwenye kihamba cha ukoo.

“Shikamoo shangazi. Nimefikiria tuongeze ng'ombe wa pili, tupeleke maziwa mara mbili kituoni.”

“Marahaba, mwanangu. Huyu wa kwanza jana amekula nini?”

Kijana hakujua.

“Basi kaa hapa hadi Februari,” shangazi akasema, “halafu tuongee.”

Februari ndiyo hakimu wa mlima. Mvua za vuli zimekwisha, masika hayajaanza, jua ni kali na kingo za matuta zimebaki vijiti. Idadi ya ng'ombe ambayo shamba hai linaweza kubeba haipimwi Mei, wakati majani yanamshinda hata mkataji. Inapimwa Februari. Shamba linalolisha ng'ombe watatu Mei na mmoja Februari ni shamba la ng'ombe mmoja, na wale wawili wa ziada ni deni ambalo litalipwa kwa mashudu ya kununua au kwa mbavu za wanyama wenyewe.

Kalenda inaweza kupunguza ukali wa mwezi huo. Mimba ya ng'ombe ni kama siku 283. Aliyepandishwa katikati ya Juni huzaa mwishoni mwa Machi, mvua zinapoingia. Ndama hupata dang'a yake, na kilele cha maziwa, kama wiki sita baada ya kuzaa, huangukia Mei, majani yakiwa tele. Mama huyo hukaushwa siku 60 kabla ya kuzaa mara nyingine, yaani kuanzia mwisho wa Januari. Hivyo mwezi wenye njaa humkuta hakamuliwi. Anakula, ndiyo, maana ndama tumboni hukua zaidi miezi ile ya mwisho, lakini hahitaji chakula cha lita kumi kila siku.

Ubaya wake ni kwamba Februari maziwa ni adimu na bei hupanda, na wewe ndoo yako iko tupu. Nyumba zenye busara hupeana zamu: wa kwangu anazaa Machi, wako Oktoba na vuli, na chai ya watoto wa nyumba zote mbili haikauki. Mpango huo unataka jirani unayeaminiana naye na mhimilishaji anayepokea simu. Mbegu huandaliwa Usa River, kwenye kituo cha taifa cha uhimilishaji, lakini kati ya Usa River na ng'ombe aliyeshikwa na joto saa kumi na moja alfajiri kuna barabara ya matope, na joto la ng'ombe halingoji barabara ikauke. Akikosa, ni siku 21 nyingine, na kalenda yote inasogea.

Sasa protini. Majani matupu hayatoshi kwa maziwa, na hapa ndipo mashamba mengi yanayojiita hai hulegea. Mfugaji hanyunyizi dawa, hanunui urea, halafu kila mwezi ananunua mashudu ya alizeti, mashudu ya pamba na pumba. Pamba ya Kanda ya Ziwa hupuliziwa dawa za wadudu kuliko karibu zao lolote la mkulima mdogo, na mashudu yake yanaingia hori la kihamba bila kuulizwa yametoka wapi. Hata alizeti isiyo na dawa ina swali lake: gunia la mashudu ni rutuba ya Singida iliyopakiwa lori kuja Moshi. Viwango vya kilimohai, kikiwamo kile cha Afrika Mashariki kilichozinduliwa mwaka 2007 pamoja na nembo ya Kilimohai, vinamtaka mfugaji alishe kilichozalishwa kwa njia hai, na kadiri iwezekanavyo kitoke shambani mwake. Watu wengi hukiona kifungu hicho kuwa usumbufu wa makaratasi. Kwangu ndicho kifungu chenye maana kuliko vyote, kwa sababu ndicho kinachouliza swali la ardhi ya nani.

Jibu liko kwenye mikunde. Kaliandra, lukina, sesbania na desmodiamu hukamata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Utafiti uliofanyika Embu, Kenya, upande wa pili wa mpaka, ulionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra hufanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha maziwa cha dukani, na kwamba vichaka 500 hivi vinaweza kumpa ng'ombe mmoja kilo 6 za majani kila siku mwaka mzima. Vichaka 500 vinasikika kama msitu. Vikipandwa kila nusu mita vitachukua mita 250 za mstari, na ekari moja yenye umbo la mraba ina mzunguko wa mita 250 na kitu. Ni ua tu, basi. Haunyang'anyi kahawa hata shina moja, unazuia upepo, nyuki huupenda, na rutuba yake haikuporwa kwa mtu. Katika kihamba chote, naitrojeni ya mikunde ndiyo peke yake inayoingia bila kuhamishwa kutoka shamba jingine.

Pamoja na hayo, ng'ombe wa majani na kaliandra hatatoa lita 20. Atatoa nane, kumi, labda kumi na mbili akiwa ametoka kuzaa. Asiyeweza kuishi na tarakimu hizo asijisumbue na kilimohai. Kuna njia nyingine za halali za kufuga, na zina vitabu vyake.

Upande wa nyuma wa ng'ombe ndio wenye mali zaidi. Katika naitrojeni yote anayokula, kama robo huondoka na maziwa, na kwa ng'ombe wa maziwa machache ni pungufu ya hapo. Iliyobaki hutoka kwa kinyesi na mkojo. Lita 3,000 za maziwa, ambazo ni mwaka mzuri kwa chotara wetu, huondoka na kama kilo 15 za naitrojeni na kilo 3 za fosforasi. Kumbuka kwamba mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa maneno mengine, kuuza maziwa ya mwaka mzima hakukaushi shamba. Shamba hukaushwa uani, kati ya mkia wa ng'ombe na shina la mgomba, na hapo ndipo nimeona uzembe hata kwa wafugaji hodari wa kukamua.

Ng'ombe huyu hutoa kilo 20 na zaidi za kinyesi kwa siku, na lita kumi au zaidi za mkojo. Karibu nusu ya naitrojeni na sehemu kubwa ya potasiamu zimo kwenye mkojo, na potasiamu ndiyo mgomba unayoililia kuliko kitu kingine chochote. Bandani kwenye sakafu ya udongo mkojo huzama pale pale, unafanya tope la kumwozesha ng'ombe kwato, na ile harufu kali inayokuchoma macho asubuhi ni amonia, yaani naitrojeni yako ikipaa. Sakafu ya saruji yenye mteremko kidogo na kashimo pembeni inagharimu mifuko michache ya saruji mara moja tu. Tandika majani makavu ya migomba na masalia ya hori. Yatanyonya mkojo na ng'ombe atalala pakavu. Rundo la samadi liwe chini ya kivuli, lifunike, mvua isilichuje na jua lisilibabue. Samadi iliyoachwa wazi msimu mzima wa masika bado ni nyeusi na bado inanukia shamba, ila nguvu yake iko mtoni.

Wenye ng'ombe wawili wanaweza kujenga mtambo wa biogesi. Wa mkoa jirani wa Arusha wameujua tangu miaka ya 1980, kituo cha teknolojia za vijijini, CAMARTEC, kilipoanza kusambaza mitambo ya kuba iliyofukiwa ardhini. Gesi hupika chai na ugali, na tope linalotoka upande wa pili bado lina karibu naitrojeni yake yote, tena katika hali ambayo mmea huinyonya upesi. Faida ambayo haitajwi sana ni kuni: mti usiokatwa kihambani unaendelea kudondosha majani juu ya kahawa.

Halafu ugawaji. Fuata nyayo za toroli utaona migomba ya karibu na banda imenenepa kama wazee wa vikao, na kahawa ya mpakani inaona samadi kwa macho tu. Samadi hufuata mteremko na uvivu. Kazi ya meneja ni kuilazimisha ipande, hadi kwenye mashina ya mbali zaidi, kabla ya masika. Na fosforasi ikionekana kupungua, udongo wa volkano ukiwa na tabia ya kuishikilia usiiachie mimea, mawe ya fosfeti ya Minjingu yaliyosagwa yanaruhusiwa katika kilimohai na yanachimbwa mkoa wa jirani, Manyara. Yachanganye kwenye rundo la samadi, yaive humo pamoja.

Kuhusu magonjwa nitasema machache, kwa kuwa sura ya saba ni yao. Adui mkuu wa ng'ombe wa kisasa kwenye mlima ni ndigana kali, inayoletwa na kupe wa masikio. Ufugaji wa ndani hupunguza kupe, lakini majani ya barabarani, ilikopita mifugo ya watu, huwaleta hadi horini. Yaanike juani kabla ya kulisha. Chanjo ipo. Watafiti wa Muguga, Kenya, waliikamilisha katika miaka ya 1970: mnyama huchomwa vimelea hai vya ugonjwa pamoja na dozi ya oksitetrasaiklini ya muda mrefu, anaugua kidogo, anapona, na kinga humkaa maisha. Kwa hiyo kinachomwezesha mkulima hai kuacha kuogesha ng'ombe kila wiki kimekuja na antibayotiki ndani yake. Wapo wanaoona aibu kwa hilo. Mimi sioni. Chanjo hukubalika katika kilimohai, na ng'ombe mgonjwa sharti atibiwe hata kwa dawa ya kawaida, maziwa yake yakizuiwa kwa muda unaotakiwa. Anayemwacha mnyama afe ili alinde cheti hajaelewa cheti ni cha nini. Ugumu halisi ni kwamba chanjo husafiri kwenye naitrojeni ya kimiminika na mrija mmoja hutosha wanyama wengi, hivyo mwenye ndama mmoja hana budi kuwakusanya majirani.

Tahadhari nyingine ni ya shaba. Kahawa ya Kilimanjaro imepuliziwa dawa za shaba kwa miongo mingi dhidi ya kutu ya majani na chulebuni. Shaba haiozi, imo kwenye udongo wa juu wa vihamba vingi. Ng'ombe huivumilia, kondoo hapana, kwa hiyo usikate majani ya chini ya kahawa iliyopuliziwa ukampa kondoo. Miche ya kahawa yenye ukinzani kutoka taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, Lyamungu, imefanya iwezekane kuacha kupulizia, na sababu hii ya mifugo ni mojawapo ya zile zinazonifanya nishauri kubadili miche hata kwa wasiojali kilimohai.

Na je, banda lenyewe? Kanuni za kilimohai zinataka mnyama apate kutembea, hewa na mwanga, na sehemu nyingi zinataka alishwe malishoni. Kwenye mlima uliojaa watu malisho hayapo. Uwanja mdogo wenye ua, hatua kumi kwa kumi, ndio ukarimu unaowezekana, na ninaona ni wajibu. Ng'ombe anayeishi miaka kumi akitazama ubao mmoja anaweza kutoa maziwa, sikatai. Asiitwe tu ng'ombe wa shamba hai.

Soko litachukua aya moja. Tangu mwaka 1988 wanawake wa Nronga, wilayani Hai, wana ushirika wao wa maziwa, na kwa familia nyingi za mlimani maziwa yalikuwa pesa ya mama wakati kahawa ilikuwa pesa ya baba. Lakini maziwa ya shamba hai yakifika kituoni hupimwa, hukaguliwa kama yametiwa maji, kisha humwagwa kwenye tangi moja na ya jirani. Hakuna bei ya ziada. Faida ya mfugaji huyu iko kwenye yale asiyonunua: mbolea, mashudu, gesi, dawa ya kupulizia kahawa. Ikokotoe hapo, usiikokotoe kwenye bei ya lita.

Tumebakiwa na shamba la tambarare. Baada ya mavuno ya mahindi magari hushuka, hupakia mabua hadi kamba zinalia, na kupanda mlimani. Tani moja ya mabua makavu ina kama kilo 6 za naitrojeni na zaidi ya kilo 10 za potasiamu. Ng'ombe huyala, samadi huingia kihambani, na kule chini hakurudi kitu. Mwaka baada ya mwaka udongo wa tambarare unakuwa mwepesi na mweupe, mahindi yanafupika, na mwenye shamba hununua mbolea ya chumvi kuyainua. Familia hiyohiyo basi inalima kilimohai juu na kinyume chake chini, na nembo inayobandikwa kwenye kahawa ya kihambani haina habari.

Kurudisha samadi mbichi huko ni kazi ya punda na haina maana. Ni kubeba maji kilomita kumi. Iliyooza vizuri na kukauka kidogo ni nyepesi zaidi, na gari lililokodiwa kufuata mabua huwa linashuka tupu. Magunia yapakiwe hapo, nauli imekwishalipwa. Kwenye shamba lenyewe theluthi ya mabua ibaki palepale, ilazwe juu ya udongo, na mistari ya mahindi ichanganywe na mbaazi, ambayo majani yake hudondoka shambani na mizizi yake huongeza naitrojeni. Mbaazi hukomaa baada ya mahindi kuvunwa, kwa hiyo kuna ugomvi wa kila mwaka na mifugo ya watu inayoachiwa mashambani msimu huo. Vijiji kadhaa huweka tarehe ya pamoja ya kuifungulia, na pale tarehe inapoheshimiwa mbaazi husimama. Pale isipoheshimiwa, panda desmodiamu kwenye kingo kwanza, na mjadala wa mbaazi upelekwe kwenye mkutano wa kijiji kabla ya msimu, si baada ya ng'ombe kuingia.